Aliyekula Chakula cha Mfalme

Shangazi yangu Tatsume alinenepa mara moja tu maishani mwake, na hakupenda mtu amkumbushe. Ukoo wetu ni wa watu wembamba. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, akivua nguo unaweza kumhesabu mbavu ukiwa ng'ambo ya barabara. Lakini majira yale ya baridi aliyofariki Mfalme mdogo, mji mzima ukichemsha magome ya miti, shangazi aliota mashavu. Majirani walimwona akija nyumbani kusalimia wakasema huyo kapata bwana mpishi. Yeye aliingia ndani, akageukia ukuta, akalia mpaka baba akadhani amefukuzwa kazi.

Mimi nilizaliwa baadaye. Nilimkuta amekwisha kuwa vile nilivyomjua: mwanamke mkavu, mkali, mwenye mikono mikubwa, aliyefua nguo za watu katika mto Kamo na kuwatukana waziwazi wote walioleta nguo zenye madoa ya mafuta. Hakuogopa mtu. Askari wa Mashariki wakipita na farasi zao karibu na mawe yake ya kufulia, aliwafokea wapite mbali wasimchafulie maji, nao wakapita mbali. Kitu kimoja tu kilimshinda: hakuweza kula peke yake. Hata tukiwa wote, alishika bakuli lake, akatazama darini, akauliza, "Chakula hiki ni cha nani?" Ilibidi mmoja wetu ajibu, "Ni chako, shangazi." Tukichelewa kwa sababu midomo imejaa, aliweka bakuli chini na kulisukuma mbali. Watoto wa jirani walitucheka kwa hilo. Mmoja wao nilimpiga na kiatu.

Habari yenyewe alinisimulia kidogo kidogo, kwa miaka, tukiwa tunakamua nguo, yeye ncha hii na mimi ncha ile. Nami naisema kama alivyoisema, ila matusi nimeyapunguza.

Alipelekwa jikoni mwa ikulu akiwa msichana, kwa kuwa babu alikuwa akipeleka kuni huko na msimamizi wa jiko akaona jinsi binti yake anavyobeba mzigo. Watu wa mbali wakisikia neno ikulu huona dhahabu. Shangazi aliona mabakuli yaliyopangwa kila pembe kukinga maji ya mvua. Paa la upande wa kaskazini lilikuwa limeoza. Ombi la mbao lilikuwa limepelekwa Mashariki, kwa wakuu wa askari, na Mashariki walikuwa wakilifikiria. Kila kitu kilifikiriwa Mashariki: nani apewe cheo, sherehe gani ifanywe na ipi iachwe, Mfalme akikua aoe binti wa nani. Mfalme alikuwa na kiti, na taji, na watu wa kumwinamia mchana kutwa. Neno la mwisho walikuwa nalo wenye panga.

Na Mfalme mwenyewe alikuwa mtoto. Walimkalisha kwenye kiti kile kabla hajajua kujifunga mkanda. Mama yake alikuwa amenyoa nywele na kuingia utawani milimani, na watu wazima waliomzunguka aliwajua kwa visogo vyao tu, maana daima walikuwa wameinama. Nyayo zake hazikuruhusiwa kugusa ardhi. Chakula chake kilipita mikononi mwa watu wengi sana, huyu anaonja, huyu anapanga, huyu anafunika, hata kilipomfikia kilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Mtoto wa barabarani kwetu alikula mtama, lakini aliula ukiwa wa moto.

Shangazi alikuwa mkono wa mwisho kabla ya mlango. Kazi yake ilikuwa kulipokea sinia uani, kuvuka nalo ukumbi mrefu na kulikabidhi kwa Bibi Harima, mkuu wa wanawake wa ndani. Asubuhi moja ya baridi kali aliona aibu. Ndiyo, aliona aibu kumpelekea mtoto uji wenye ngozi juu. Akaliondoa bakuli la uji kwenye sinia, akalitia ndani ya nguo zake, akalibana tumboni ukumbi mzima, kisha akalirudisha mahali pake mlangoni. Siku ya pili akafanya vilevile. Siku ya tatu sauti ikatoka nyuma ya pazia la mianzi.

"Nani huyo anayeleta uji wa moto?"

Bibi Harima akakohoa, maana Mfalme hasemi na mchukua sinia. Shangazi akabandika paji la uso sakafuni.

"Ni Tatsume, Mtukufu."

"Unakaa wapi?"

"Barabara ya Saba, Mtukufu, kwa wasukaji wa viatu vya majani."

"Huko kuna nini?"

"Kuna matope, Mtukufu."

"Mengi? Nataka kuyaona."

"Ah, hayo huna haja ya kuyafuata. Yanakuja yenyewe mpaka magotini."

Mtoto alicheka mpaka akapaliwa. Tangu hapo kila asubuhi aliuliza habari za matope, na Bibi Harima, ambaye hakuwa mtu mbaya, kila asubuhi aliamua kukohoa kidogo zaidi kwa mbali. Shangazi hakuwa na mtoto. Mumewe alikuwa amekufa kwa homa mwaka uliotangulia na mimba ikaharibika mwezi uleule. Sihitaji kusema zaidi. Alimpenda yule mtoto, na aliniambia hivyo kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyemkataza.

Kisha kifua kikamshika mtoto. Kilianza kama mafua, kikashuka, na tabibu akaja na vikombe vyake na uso wa mtu asiyejua. Alfajiri moja shangazi alifika na uji tumboni, akakuta pazia limeinuliwa, jambo lisilowahi kutokea. Bibi Harima alikuwa amekaa sakafuni, mikono imelegea mapajani. Mtoto alikuwa amelala chali, mdomo wazi kidogo. Shangazi alisimama pale na lile bakuli likimuunguza tumbo, hajui alipeleke wapi.

Waziri mmoja mkubwa aliingia akiwa na soksi mguu mmoja. Alitazama, akafikiri, na akasema maneno ambayo shangazi alikuwa akiyaiga kwa sauti ya puani mpaka uzeeni.

"Mfalme hajafa. Mfalme amepumzika."

Iko desturi ya ikulu ambayo sisi wa barabarani hatukuijua. Mfalme hafi akiwa kwenye kiti, haiwezekani. Akikata roho, anahesabiwa yu hai mpaka mrithi apatikane. Hapo maiti humwachia mrithi kiti kwa hiari yake, na baada ya kukiacha ndipo huruhusiwa kufa kama watu wengine. Zamani mambo hayo yalikwisha jioni ileile. Sasa mrithi alipaswa kuchaguliwa na Mashariki, na Mashariki ni mbali, na njia za milimani zilikuwa zimejaa theluji. Mjumbe akatumwa kwa siri. Wengine wakaambiwa waendelee kama kawaida, na asitokee mtu wa kubwabwaja, kwani askari wa zamu pale langoni wakijua kiti ki wazi, nani ajuaye watamkalisha nani.

Kwetu, nyumba yenye maiti ina najisi, na anayekaa humo huondoka nayo, asikaribie mahali patakatifu mwezi mzima. Lakini pasipo maiti hapana najisi. Waziri alilisema hilo waziwazi, watu wote wakasikia, kisha yeye mwenyewe hakuonekana tena upande ule wa nyumba. Wakubwa walikuja kila asubuhi wakainama uani, mbali, wakalisomea pazia mambo ya nchi kwa sauti kubwa, wakangoja kwa adabu kama vile wanajibiwa, wakaenda zao. Ndani walibaki Bibi Harima na shangazi, kwa kuwa wao walikuwa wamekwisha ingia.

"Masinia yataendelea kuja," alisema Bibi Harima. "Askari wanayaona yakivuka ua. Lazima yarudi yameliwa."

"Na nani, Bibi?"

"Unauliza nini? Mimi nitakula chakula cha..." Hakumaliza. "Utakula wewe."

Basi shangazi akala. Alikaa nyuma ya pazia, ubani umefukizwa mpaka macho yanawasha, mtoto amelala nyuma ya mapazia ya kitanda, naye akala samaki wa chumvi, wali mweupe, figili, mwani, na vyote vile ambavyo hakuwahi kuvionja maishani. Asubuhi na alasiri. Njaa ilikuwa mjini, na mwili hauna haya. Kureha, mwanamke mwenye mdomo kuliko wote jikoni, alianza kumchokoza.

"Tatsume wee, mbona mkanda umekukataa? Baridi inatukausha sisi, wewe inakukandia unga!"

"Nimevaa nguo mbili."

"Mashavu nayo yamevaa mbili?"

Wakacheka wote. Shangazi alifikiri kwamba walijua, na kwamba kucheka ndiyo njia yao ya kutojua. Hata askari mmoja wa Mashariki, Heita, kijana mrefu aliyelinda lango la ua, alimsimamisha akitoka na mabakuli matupu.

"Dada, Mfalme wenu siku hizi anakula kama mlima."

"Anakua."

"Zamani nilikuwa namsikia akicheka kule ndani. Sasa simsikii."

"Utacheka na kifua kinauma?"

"Mwenye kifua kinachouma hamalizi samaki," alisema Heita, na akamtazama sana, kisha akampisha.

Shangazi alitembea mpaka jikoni bila kugeuka.

Asubuhi iliyofuata jua lilikuwa limetoka na theluji ya uani ilimulika mpaka ndani. Nataka lieleweke hili, kwa maana watu wakisikia mambo ya mizimu hudhani ni giza na upepo. Palikuwa peupe kabisa. Shangazi alikuwa ameshika vijiti vya kulia, tonge la wali limefika mdomoni, na sauti ikasema karibu na bega lake, bila hasira, sauti ya mtoto anayetaka tu kuelewa:

"Tatsume, mbona unakula chakula changu?"

Vijiti vilianguka. Hakugeuka. Aliniambia kwamba kilichomtisha zaidi ni kuwa sauti ile haikuwa ya kutisha.

"Nimemwita Harima, hanijibu. Wanakuja kunisomea mambo, wananisubiri, nikisema wanainama na kuondoka. Nimekosa nini?"

Bibi Harima alikuwa upande wa pili wa chumba, anapepea ubani. Hakusikia kitu. Shangazi aliinuka na kutoka, akatapika kwenye theluji nyuma ya kisima, akayafukia matapishi kwa mikono.

Alasiri sauti ilirudi. Na kesho yake. Haikumtukana wala kumgusa. Ilimuuliza kama uji ni wa moto. Ilimwambia kwamba imekaa kwenye kiti asubuhi nzima, imejinyoosha vizuri kama ilivyofundishwa, na hakuna aliyeiruhusu kuinuka. Hapo ndipo shangazi alipoelewa, na alipoelewa alihisi vibaya kuliko alipokuwa haelewi. Mtoto hakujua. Atajuaje? Wanamletea chakula, na chakula kinaliwa. Wanamwinamia. Wanamsomea habari za mavuno. Maiti ya mtengeneza viatu kwetu, hata kabla haijapoa, inaliliwa na nyumba nzima, mtawa anaita jina la Budha sikioni mwake, na roho yenyewe inaona kwamba mambo yamekwisha, inashika njia. Huyu alikuwa hajaliliwa na mtu hata mmoja. Watamfanya akae pale anyooshe mgongo mpaka lini?

Alimwendea mtawa wa ikulu, mzee wa macho mekundu, akamkuta anaota moto.

"Baba mtawa, nakuomba umsomee Mtukufu."

"Namwombea afya kila siku."

"Si hiyo. Ile nyingine."

Mtawa alitazama huku na huku. "Binti, asiyekufa hasomewi. Nikimsomea nitakuwa nimemtakia kifo Mfalme. Kwa hilo watu wamepelekwa visiwani, na hawakurudi."

"Na roho yake je?"

"Roho yake imo mwilini mwake. Waziri kasema."

Shangazi alimwambia jambo kuhusu Waziri ambalo silirudii. Akaenda kwa Bibi Harima, akapiga magoti, akamweleza yote, sauti na maswali yake. Bibi Harima alikuwa mweupe kama karatasi ya dirishani.

"Mtu amwambie, Bibi. Wewe umemlea. Mwambie tu."

"Nimwambie nini? Unajua kuna masikio mangapi nyuma ya mbao hizi? Neno hilo likitamkwa chini ya paa hili kabla ya jibu la Mashariki, aliyelitamka atakatwa kichwa. Una kaka?"

"Ninaye."

"Na yeye pia. Kula, Tatsume. Nakuomba. Kula unyamaze."

Kaka huyo ndiye baba yangu. Kwa hiyo mizani ile ilikuwa na mimi ndani yake, ingawa nilikuwa sijazaliwa, na sikuzote nimeona ajabu kidogo kuwa nipo. Usiku shangazi hakulala. Kila alipofumba macho aliona mtoto amekaa kwenye kiti ndani ya chumba kitupu, anangoja aruhusiwe.

Alasiri ya kesho yake theluji ilianguka kwa uzito, ile inayomeza sauti zote. Bibi Harima alikuwa ameitwa na Waziri. Shangazi aliingia na sinia, akaliweka chini, hakuligusa. Hakuinama. Alisogea mpaka kwenye mapazia ya kitanda, akakaa kitako kama anavyokaa mtu na mtoto wa kwao, na akasema kwa sauti ya chini:

"Upo hapo, baba?"

"Nipo."

"Nisikilize vizuri. Wale hawakukasirikii. Hujakosa kitu. Ni kwamba umekufa."

Makaa yalijigeuza kwenye chungu chake cha moto.

"Nimekufa lini?"

"Asubuhi ile kifua kilipobana sana. Nilikuwa nimekuletea uji."

"Kumbe." Akafikiri. Shangazi alisema ulisikia kabisa kwamba anafikiri. Kisha akauliza, kwa ule uangalifu wa mtoto aliyefundishwa asifanye kosa, "Na Mashariki wamekubali?"

Shangazi alikuwa amejiandaa kwa kilio. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, hata kwa kukabwa koo. Kwa swali hili hakuwa amejiandaa.

"Wamekubali," akasema.

"Nani kaleta jibu?"

"Mjumbe. Kaja asubuhi."

"Kwa farasi?"

"Kwa farasi."

"Wa rangi gani?"

"Mweusi," alisema shangazi, machozi yanamwingia mdomoni. "Mweusi, mguu mmoja mweupe."

"Wa mbele?"

"Wa mbele, baba."

"Basi naweza kuinuka."

"Inuka."

"Na nje? Naweza kukanyaga chini?"

"Kanyaga. Kanyaga popote unapotaka. Hakuna wa kukuzuia."

Nilimuuliza mara nyingi alisikia nini baada ya hapo, kwa kuwa nilitaka kusikia kuhusu hatua, au mlango, au kicheko. Hakusikia kitu. Theluji ilidondoka kutoka paani, basi. Ila harufu ndiyo iliyokuja. Siku zote zile, pamoja na ubani na baridi, hakuwa ameisikia, na sasa ilimjia yote kwa pamoja, na akajua kwamba amekaa chumbani na maiti, wala hakuna mwingine. Akalitamka jina la Budha polepole kwa ajili ya mtoto, kadiri alivyoweza. Kisha akalivuta sinia akala, kwa sababu Heita alikuwa langoni na kaka yake alikuwa Barabara ya Saba. Alisema samaki yule alikuwa na ladha ya majivu.

Mjumbe wa kweli alifika baadaye, theluji ilipolegea. Farasi wake alikuwa wa kahawia, mwenye matope mpaka tumboni, na miguu yote ya rangi moja. Mashariki walikuwa wamemchagua binamu mmoja aliyekuwa akiishi kwa watawa. Sherehe ikafanywa alasiri hiyohiyo. Waziri alikwenda mpaka kwenye pazia, akamuuliza maiti kama anaridhia kukiacha kiti, akangoja, akainama, na akatangaza kwamba ameridhia. Wakalibeba taji likaondoka. Jua likitua wakatoka kusema kwamba Mfalme wa zamani ameugua ghafla, na kabla taa hazijawashwa, kwamba amefariki. Hapo ndipo ikulu nzima ilipoangua kilio. Kureha alijitupa chini jikoni. Bibi Harima alilia mpaka wakamshika. Heita alivua kofia.

Shangazi hakulia. Alisimama na kitambaa chake cha mikono, macho makavu, na Waziri akamwona.

"Mwanamke huyo hana moyo," alisema. "Mtoeni."

Wakamtoa. Alirudi nyumbani akiwa na mashavu yale, katika mji wa watu waliokonda. Yaliyofuata nimeyasema: mto, mawe, mikono mikubwa. Baba alimwambia asahau. Lakini kilichomkaa shangazi hakikuwa sauti, wala maiti, wala hata samaki. Ni ule uongo. Tunaambiwa huko waendako wafu kuna mto, na ng'ambo ya mto kuna hakimu na makarani wake, na hakuna anayepita bila kuulizwa. Mtoto yule alikuwa ameondoka akiamini anacho kibali. Je, wakimuuliza? Je, karani akisema, "Mashariki? Hatujapata neno lolote kutoka Mashariki," na wakamrudisha? Mtoto mtiifu namna ile angerudi bila kubisha. Angekuja kukaa tena kwenye kiti chake, na kiti kina mtu mwingine, na ukumbini hayupo mtu wa kumwambia kitu.

"Ningemwambia Mashariki hawana amri juu ya kufa," alisema siku moja tukikamua shuka. "Hilo ndilo lililokuwa la kweli. Kwa nini sikulisema?"

"Asingekuamini, shangazi."

"Hapana," alisema. "Asingeniamini."

Theluji ikianguka hakufanya kazi. Alikaa mlangoni, mlango wazi, sisi tunatetemeka nyuma yake, na mtoto yeyote akipita barabarani, shangazi aliinuka kumtazama mtoto huyo miguu. Baba alipofariki alilia kwa sauti iliyowatoa majirani wote nje, na yeye ndiye aliyeinama sikioni mwake wa kwanza kumwambia. Kwa watu wetu wote alifanya hivyo. Alituapisha: akifa, asiwepo wa kusema amelala, wala amepumzika, wala ametangulia. Aambiwe.

Alifariki mwaka huu, mchicha wa mtoni ukianza kuchipua, asubuhi, baada ya kukataa uji. Kaka yangu alitaka kwenda kumwita mtawa. Nikamwambia angoje. Nilikaa kitako karibu na kichwa chake, nikainamia sikio lake, na nikasema, "Shangazi Tatsume, umekufa." Nikangoja. Nilikuwa na woga, sitaficha; nilimngoja aniulize kitu. Hakuuliza.

Basi nikaongeza ambalo hakuniagiza. Nikamwambia kwamba yule mtoto alivuka. Nikamwambia hakimu alipomuuliza, alijibu kwamba Tatsume ndiye aliyemruhusu, na karani akasema, "Ah, Tatsume, pita," na akapita na miguu yake mitupu, na matope mpaka magotini. Nililisema taratibu, kama mtu aliyekuwepo.

Kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni. "Wewe umeyajuaje hayo?" akaniuliza.

Nikamwambia anyamaze, akalete maji ya kumwosha.